Mtoto wa Kuvumwani

Hili halikunipata mimi. Lilimpata wifi yangu, dada wa mume wangu, ila sehemu yake mbaya zaidi niliiona kwa macho yangu. Watu husema msimuliaji lazima aongeze chumvi. Hapa ningeongeza chumvi ili labda harufu ipungue.

Lilianza siku ya kawaida tu. Nepi zilikuwa zimejaa kwenye kamba, jua linapanda, na wifi anavaa sare yake ya kazi huku ananichokoza. Tulikuwa tumejifungua karibu pamoja, mimi binti, yeye mvulana. Binti yangu alikuwa kijiti, sauti yake ya kuku aliyebanwa na mlango. Wa kwake alikuwa mnene, mikono imejikunja mikunjo mikunjo, hata tukasahau jina alilopewa tukamwita Bonge.

"Wifi, maziwa ya Bonge yako kwenye kikombe cha mfuniko," aliniambia. "Usije ukampa huyo kijiti wako. Namwona anavyomtolea macho mwanangu."

"Nenda kazini huko. Akizidi kunenepa tutamuuza kwa kilo."

"Acheni kuuza watoto asubuhi asubuhi," mama mkwe alisema kutoka jikoni. "Hata kahawa sijanywa."

Wifi alifanya kazi kwenye bustani ya mimea, ile kubwa yenye nyumba ya vioo ambamo hutunzwa mimea inayopenda joto. Alimwagilia na kufuta vioo. Baba Bonge ni dereva wa malori ya safari ndefu, kwa hiyo wifi alikaa kwetu, na watoto wote wawili nilibaki nao mimi. Sikuona mzigo. Akirudi jioni alinitua mtoto mgongoni, akaniambia, "Kaa, wifi," halafu akafua nepi zote, za mwanawe na za mwanangu, bila kuzichagua. Mtu anayefua nepi ya mtoto asiye wake bila kukunja pua, huyo ana moyo. Nataka mlijue hilo kabla sijaendelea, kwa sababu ni moyo huo huo uliomponza.

Wakati ule bustani ilikuwa inaandaa maonyesho ya sanaa. Msanii alikuwa mama mmoja mpole, kucha zake zimejaa udongo hata siku za wageni. Sanamu zake hazikuwa za mawe wala mbao. Alisuka mifupa ya waya, akaijaza udongo na mizizi, kisha akaivika kuvumwani, ule ujani laini unaoota nyuma ya pipa la maji. Aliuotesha kwa maziwa. Ujani ulisagwa pamoja na maziwa mpaka ukawa uji, ukapakwa kwa brashi, na kila asubuhi sanamu zilipakwa maziwa tena ili zisikauke. Maziwa yalitoka kwenye mgahawa wa bustani, na kazi ya kuyapaka alipewa wifi.

Sanamu zilikuwa familia. Baba amesimama, bibi ameinama, mama ameketi chini, na mapajani mwake kuna mtoto mchanga amelala chali, mdomo wazi.

"Yule mdogo ananitia huruma," wifi alituambia. "Analia siku nzima na hakuna wa kumbembeleza."

"Mbembeleze wewe," mama mkwe akamjibu. "Si ndiyo kazi uliyoajiriwa?"

Siku moja kabla ya ufunguzi, maziwa ya mgahawa yaliharibika na ndoo haikuletwa. Msanii alikuwa amekwenda kupokea wageni. Sanamu kubwa zilivumilia, lakini ile ya mtoto ilianza kugeuka kahawia mashavuni. Wifi alikuwa stoo, nyuma ya mifuko ya mbolea, anakamua titi. Kila mama anayenyonyesha anajua: ukikaa mbali na mwanao titi linakuwa jiwe, lazima ukamue. Kule stoo hapakuwa na friji, hivyo siku zote aliyamwaga kwenye karo, na siku zote iliumiza roho yake. Siku hiyo alikitazama kikombe. Akafikiria yale mashavu yanayokauka. Akasema moyoni, si maziwa tu?

Alimpaka kwa kiganja, kwa kuwa brashi ilikuwa imekakamaa. Mashavu, tumbo, miguu. Tone moja likaangukia mdomoni.

"Wifi," aliniambia jioni, anacheka, "nilihisi kama amenilamba."

"Konokono."

"Labda konokono."

Alikuwa anajipangusa kile kiganja kwenye sketi. Aliendelea kujipangusa mpaka tulipokwenda kulala.

Siku ya ufunguzi yule mtoto alikuwa kijani kuliko wote. Watu walipanga foleni kumpiga picha. Msanii alimshika wifi mikono yote miwili mbele ya msimamizi wake, akamwambia, "Sijui unampa nini, lakini tafadhali usiache." Wifi hakuwa mtu wa kusifiwa kazini. Hakuacha.

Kisha Bonge akaanza kukataa titi.

Mwanzoni alilisukuma tu kwa kiganja. Halafu akawa akiliona anapiga kelele, anajikunja mgongo, anageuza uso ukutani. Nilimsogelea wifi nikamnusa kifuani, maana sisi hatuna aibu hizo. Alinuka kitambaa cha kuoshea vyombo kilichosahaulika ndani ya ndoo. Akakamua kidogo nione. Yalitoka matone mawili matatu, mepesi, yana uteute, na rangi yake haikuwa nyeupe wala njano. Lakini sare yake ya kazini ilikuwa imekakamaa kifuani kwa maziwa yaliyokaukia kwenye kitambaa, tabaka juu ya tabaka, mpaka ukiikunja inavunjika.

"Nikifika pale mlangoni tu yanamwagika yenyewe," alisema. "Hapa nyumbani hakuna kitu."

Nikamnyonyesha Bonge mimi. Alinyonya kwa pupa, akanyonya mpaka binti yangu akaanza kulalamika kwa sauti yake ya kuku. Na bado alikonda. Mikunjo ya mikono ikaisha, ngozi ikabaki inaning'inia. Nepi zake zilikuwa kavu. Nilizitoa asubuhi kama nilivyomfunga usiku. Kila alichokula kilikwenda mahali, na mahali hapo hapakuwa kwenye nepi.

Hatukumwita Bonge tena. Hakuna aliyesema tuache, ila jina lilitushinda kutamka.

Jioni moja wifi alikuwa anakunja nguo, mgongo amenipa.

"Leo amejinyea," akasema.

Nikaruka kwa furaha. "Bonge? Saa ngapi? Mbona hukuniambia?"

"Si Bonge. Yule."



"Ya njano," akaendelea, polepole. "Na vile vipunje vyeupe. Imechuruzika mpaka kwenye magoti ya mama yake. Wageni wanadhani ni usanii. Dada mmoja kaipiga picha."

"Kwa nini hukumwambia msimamizi?"

"Nimwambie nini? Sanamu inaharisha?"

Tukacheka, mimi na yeye. Kisha nikaona amecheka kwa mdomo tu.

"Nimempangusa," akasema. "Hata hainuki vibaya, wifi. Ukizoea."

Akaendelea kukunja nguo. Chini ya kucha zake palikuwa na njano.

Nilimpeleka Bonge kliniki. Nesi alipasha sinia la mizani kwa viganja vyake kwanza, kisha ndipo akamlaza Bonge juu yake. Sitamsahau kwa hilo. Alitazama mshale, akanitazama mimi, akautazama tena. Hakunifokea. Alisema tu kwamba nikaongee na mama yake leo leo, na kwamba mtoto akipungua tena hata kidogo, hajui kama atarudi. Akanisaidia kumfunga mgongoni. Mtoto alikuwa mwepesi kiasi kwamba nilijipapasa mara mbili njiani, nikidhani kaanguka.

Binti yangu nilikuwa nimemwacha kwa mama mkwe. Nikapita moja kwa moja bustanini. Jua lilikuwa la utosi. Mlinzi wa getini, mzee mwenye koti kubwa kuliko yeye, aliinua mnyororo ili nisiiname na mtoto.

"Wifi yako yuko kwenye vioo," akasema. "Mwambie ale, mama. Siku hizi saa ya chakula haonekani na sisi."

Nyumba ya vioo ilikuwa imefungwa kwa wageni. Msimamizi alikuwa amebandika tangazo kuwa mbolea imechacha. Nikasukuma mlango.

Harufu ilinipokea kabla ya joto. Maziwa yaliyoganda, karo lililoziba, kinyesi cha mtoto mchanga, vyote pamoja, vizito, vinaingia mdomoni ukitaka usitake. Nilionja. Nikatema mate, na bado nilionja. Vioo vilikuwa vinatoka jasho. Nzi walikuwa wamemfunika yule baba wa kuvumwani uso mzima. Bibi naye wamemfunika. Nikatazama mapajani mwa mama.

Palikuwa patupu.

Ndipo nikasikia. Sauti ndogo. Mama yeyote anaijua. Gulu. Kimya. Gulu. Kimya. Mtoto anayemeza.

Nyuma ya sanamu, sakafuni, wifi alikuwa ameketi. Amekunja miguu. Vifungo vya sare viko wazi. Amempakata.

Mashavu ya kijani yalikuwa yanaingia na kutoka.

Gulu.

Mgongoni pangu, Bonge akameza. Hakuwa na kitu mdomoni. Nilihisi koo lake kwenye bega langu. Yule anameza, huyu anameza. Yule anatulia, huyu anatulia.

"Wifi," nikanong'ona.

Hakuinua macho. Alikuwa anambembeleza kwa kidole, shavuni, taratibu, kama anavyombembeleza mwanawe.

"Polepole," akanijibu kwa mnong'ono. "Ndiyo kwanza anasinzia."

Nilimshika yule wa kijani. Sijui nilipata wapi mikono. Kilikuwa cha uvuguvugu. Kilibonyea kama papai lililooza, na vidole vyangu vikazama ndani mpaka kwenye viungo, na huko ndani palikuwa na joto zaidi. Nikavuta. Hakikuachia. Nikavuta tena. Ndipo nikaona fizi, za kijivu, zimelowa, na kutoka kwenye fizi vijizizi vyembamba kuliko unywele vimeingia kwenye chuchu ya wifi. Vingi. Nilivichomoa kwa kucha. Kimoja kimoja. Vilikuwa virefu. Kila kimoja kilitoka na uzi wa mtindi nyuma yake. Wifi hakulia. Alitazama tu.

Cha mwisho kilipotoka, kile kitu kikafumbua mdomo. Ndani mlikuwa na ulimi, mnene, unang'aa kama konokono asiye na nyumba. Kikacheua. Mabonge ya maziwa ya moto yakanimwagikia shingoni, yakateremka ndani ya gauni.

Nikakitupa chini.

Kikapasuka.

Waya ulikuwamo, na udongo kidogo. Vilivyobaki vilikuwa mtindi, umeshindiliwa, wa njano, na ndani ya mtindi mabuu. Manene. Yamejikunja mikunjo mikunjo, kama mikono ya Bonge enzi alipokuwa Bonge.

Wifi akapiga magoti. Nilidhani anatapika. Alikuwa anayazoa. Anayazoa kwa viganja, anayarudisha kwenye waya, ananong'ona, "Nyamaza, nyamaza, mama yupo."

Kilichokuwa kinalia kilikuwa mgongoni pangu. Bonge alikuwa analia. Hakuwa amelia kwa sauti kwa muda mrefu sana, alikuwa analalama tu, na sasa alilia mpaka vioo vikatetemeka. Nikamfungua, nikamweka mbele ya uso wa wifi.

"Mwanao ni huyu," nikamwambia. "Mtazame. Huyu. Huyo mwingine hukumzaa."

Alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma kibao cha barabarani akiwa mbali. Kisha akatazama mikono yake. Ndipo akatapika kweli.

Mlinzi alifika kwa sababu ya kilio. Aliona, akashika ukuta. Lakini hakukimbia. Alifungua bomba, akaniwekea mpira wa maji mkononi, kisha akatugeuzia mgongo akavua lile koti lake kubwa na kulishika nyuma yake kwa mkono mmoja, ili wifi asitirike. Nilimwosha pale pale, kichwa mpaka miguu. Niliosha vile vitundu kwenye chuchu zake. Vilikuwa vinatoa maji ya kijani. Mlinzi alisimama vile mpaka nilipomaliza, ameupa ukuta uso, anatapika taratibu kwenye kitambaa chake ili tusimsikie.

Msanii aliitwa. Alichutama karibu na yale yaliyokuwa sakafuni, akafunika pua, akatumia kijiti kugeuza kile kilichobaki cha uso. Akasimama haraka.

"Mimi sikumwekea ulimi," akanong'ona. Alikuwa ananitazama mimi, kama vile ni mimi nitakayemweleza. "Nilimwachia tundu tu. Tundu la mdomo. Sikumwekea kitu ndani."

Wakayazoa kwa koleo, wakayachoma nyuma, kwenye shimo la takataka. Yalinuka maziwa yaliyochemka yakamwagikia jiko. Sanamu nyingine msanii alizipakia siku hiyo hiyo, akasahau kuaga.

Jioni Bonge alininyonya mpaka akalala na titi mdomoni. Alfajiri mama mkwe alipiga kelele chumbani, nikakimbia nusu uchi nikijua mtoto amekufa. Nikamkuta bibi wa watu ameinua nepi juu kwa mikono miwili, imejaa, inavuja mpaka kwenye kiwiko chake, machozi yanamtoka.

"Amejinyea!" anasema. "Mwangalieni! Amejinyea mwanaume!"

Wifi aliichukua ile nepi akaenda kuifua mwenyewe. Alikaa nayo bombani muda mrefu.

Maziwa yake hayakurudi. Bonge alinyonya kwangu pamoja na binti yangu, huyu kushoto, huyu kulia, wakipigana mateke juu ya tumbo langu, na hakuna siku nilisikia wifi akiona wivu. Vile vitundu viliziba. Alihamishiwa nje, kwenye maua, na huwa hapiti upande wa vioo. Mlinzi humbebea ndoo zake mpaka mwisho wa njia.

Huyo mlinzi ndiye aliyeniambia habari ya doa.

Liko kwenye kioo, upande wa ndani, kwenye ile kona ambapo sanamu ya mama iliketi. Ni la mviringo, jeupe, lina unyevu, la mdomo wa mtu aliyebandika midomo kwenye kioo na kufyonza. Wanalifuta kwa sabuni. Wamelikwangua kwa wembe. Kioo kimebadilishwa kabisa, kipya, kimeletwa na gari. Asubuhi lipo. Na mlinzi anasema mwanzo lilikuwa chini kabisa, karibu na sakafu, mahali ambapo mtoto anayetambaa angefikisha mdomo.

Nilikwenda peke yangu kuliona, juzi, nilipompelekea wifi chakula. Sikuligusa. Nilisimama karibu nalo nikaweka mkono kwenye gauni langu, usawa wake. Lilinifika kiunoni.

Niliporudi nyumbani Bonge alikuwa ananisubiri mlangoni. Ni mkubwa sasa, amenenepa tena, anaiba sukari na kumsingizia binti yangu. Alinikimbilia kama kawaida yake, akaninasa mapaja, akabandika uso kiunoni pangu na kung'ang'ania.

"Mkazamjomba, ulikwenda wapi?" mama mkwe akamfundisha kuuliza, maana Bonge huniita mama, na bibi yake hupenda kumrekebisha.

Alizidi kung'ang'ania. Alipojibandua, gauni lilikuwa na doa la mate, la mviringo, pale pale nilipokuwa nimeweka mkono.

Niliinua kitambaa nikanusa. Yalikuwa maziwa, yamechacha. Na Bonge, tangu alipoachishwa, hajapata kuyagusa maziwa.